Feng shui: kwa nini mlima uwe nyuma ya nyumba na maji yawe mbele?

Ukitaja feng shui, watu wengi wanafikiria kuhamisha kitanda na kioo ili pesa ziingie. Kumbe asili yake iko nje ya nyumba. Neno lenyewe ni la Kichina, maana yake "upepo na maji", na kwa karne nyingi lilihusu swali moja zito: nyumba, kijiji au kaburi vikae wapi kwenye ardhi?

Katika makala hii tutaziangalia kanuni zake za nje ya nyumba, tuzipime kwa fizikia na ikolojia, halafu tuone zinafaa wapi na zinakwama wapi.

Kanuni zinasemaje?

Kitabu cha Maziko, maandishi ya kale yanayonasibishwa na mwanazuoni Guo Pu (276–324), kinazungumzia nguvu iitwayo qi (tamka "chi"). Upepo huitawanya, maji huisimamisha. Kwa hiyo mahali pazuri ni penye kinga ya upepo na penye maji. Kwa vitendo: mlima uwe nyuma, upande wa kaskazini, vilima vidogo viwe kushoto na kulia, kama mikono ya kiti, mbele, upande wa kusini, pawe wazi na pawe na mto au bwawa.

Sasa, hakuna kifaa kilichowahi kupima qi. Lakini tukiiweka kando, mpangilio wenyewe unapimika.

Jua na upepo

China iko kaskazini mwa ikweta. Beijing, kwenye latitudo ya nyuzi 40 hivi, jua la saa sita mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Mwishoni mwa Desemba hupanda nyuzi 27 tu kutoka upeo wa macho. Mwishoni mwa Juni hufika nyuzi 73. Nyumba inayotazama kusini, basi, inaingiza jua ndani wakati wa baridi, na wakati wa joto paa lililochomoza linalizuia. Hapo hakuna uchawi, ni jiometri tu.

Upepo je? Majira ya baridi, hewa nzito ya Siberia na Mongolia hushuka kuelekea baharini na kuipiga China kutokea kaskazini. Sisi wa mwambao tunaujua mfumo huohuo wa pepo za Asia, maana ndio unaotuletea kaskazi ya Desemba hadi Machi. Tofauti ni kwamba kaskazi hutufikia ikiwa imeshapita juu ya bahari yenye joto, ilhali kule Beijing inakata mifupa. Mlima nyuma ya nyumba ni kinga.

Msitu uliolindwa na mwiko

Hapa ndipo panaponoga. Kusini mwa China na Hong Kong, wanakijiji waliacha au walipanda msitu kwenye mteremko ulio nyuma ya kijiji, mara nyingi wenye umbo la hilali linalozikumbatia nyumba. Huitwa msitu wa feng shui. Kukata mti humo ni mwiko: ukikata, unavuruga bahati ya kijiji kizima.

Msitu huo unafanya kazi gani? Kwanza, unavunja upepo. Safu ya miti hupunguza kasi ya upepo hadi umbali wa takriban mara 10 ya urefu wake. Miti ya mita 15 inakinga kama mita 150. Tena inaushinda ukuta, kwa sababu ukuta mzima huzusha vimbunga vidogo upande wa pili, wakati miti inaupitisha upepo kidogokidogo na kuuchosha.

Pili, maji. Hong Kong hupata mvua ya takriban milimita 2,400 kwa mwaka, nyingi kati ya Mei na Septemba, tena kwenye miteremko mikali. Majani hupunguza nguvu ya matone, mizizi hushika udongo usiporomokee nyumba, na maji hupata muda wa kunywea ardhini. Yanayoteremka hukusanywa na bwawa la mbele kwa ajili ya mashamba, samaki na kuzimia moto. Bwawa pia hupoza: kila lita inayogeuka mvuke hula joto la megajuli 2.4 hivi, sawa na pasi ya wati 1,000 kuwaka dakika 40.

Tatu, viumbe hai. Misitu mingi ya asili ya Hong Kong ilishamalizika zamani, na wakati wa utawala wa Japani (1941–1945) miti mingi iliyobaki ilikatwa kwa kuni. Misitu mingi ya feng shui ilinusurika. Leo ipo zaidi ya 100, mingi midogo, mmojawapo ukiwa wa kijiji cha Lai Chi Wo. Ndiyo hazina ya mbegu za miti ya asili. Tunaoijua misitu ya Kaya ya Wamijikenda hatushangai: mwiko unaweza kulinda msitu kabla sheria haijazaliwa.

Harufu iliyowaita wezi

Lakini mwiko una mipaka. Humo misituni huota *Aquilaria sinensis*, mti wa udi. Naam, udi huuhuu: udi wa asili tunaoufukiza kwenye chetezo harusini hutokana na miti ya jenasi hiyo. Mti ukijeruhiwa na kuvu wakaingia kwenye jeraha, hujikinga kwa utomvu mweusi wenye harufu. Si kila mti unao, kwa hiyo wezi huchanja na kuangusha miti wakiutafuta.

Biashara ya kimataifa ya jenasi nzima inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 2005, na baadhi ya miti mikubwa Hong Kong imezungushiwa uzio wa chuma. Zamani jirani alimwogopa jirani na mizimu. Mwizi anayetoka mbali haogopi bahati ya kijiji kisicho chake, na vijiji vingi vimebaki na watu wachache baada ya wenyeji kuhamia mjini au Uingereza. Ndiyo maana sababu za kuutunza msitu inabidi zielezwe waziwazi, na sheria isimame nazo.

Je, nihamishie kwangu?

Usihamishe dira, hamisha maswali. Dar es Salaam, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, kinyume na Beijing. Jua linalochosha nyumba ni la asubuhi na jioni, kwa hiyo kivuli kinahitajika zaidi kwenye kuta za mashariki na magharibi. Na upepo wa kusi kwenye joto la pwani unautaka uingie, hutaki kuuzibia. Njombe kwenye baridi, safu ya miti upande unaotoka upepo ina maana.

Kabla ya kupanda mti au kuchimba bwawa, angalia kwa mwaka mmoja: jua linapita wapi, upepo unatoka wapi kila msimu, na maji ya mvua yanaelekea wapi. Wachina wa kale waliyajibu maswali hayo kwa mahali pao. Ya mahali pako yanakusubiri wewe.