Soda Iliongezwa Utamu, Watu Wakawaka! Hii Hapa Sababu

Wasee, chukulia umeingia kwa duka ya mtaa, umeitisha soda yako ya kila siku. Unapewa chupa. Jina ni lile lile, lakini ladha si yako. Unauliza ya zamani iko wapi, unaambiwa, "Hiyo haitengenezwi tena, zoea hii."

Si ungewaka? Basi hivyo ndivyo Coca-Cola iliwafanyia Wamarekani mwaka wa 1985.

Rada ilikuwa hivi. Pepsi ilikuwa inakaribia mbaya. Kwa supamaketi za huko, ilikuwa inauza kuliko Coke. Tena ilikuwa na tangazo moja noma sana: watu wanaonjeshwa vikombe viwili bila kuambiwa gani ni gani, na wengi wanachagua Pepsi.

Mabosi wa Coke kule Atlanta wakashtuka. Wakatengeneza ladha mpya, tamu zaidi, wakaionjesha watu karibu 200,000. Ikashinda Pepsi, ikashinda hata Coke yenyewe ya zamani. Tarehe 23 Aprili, bosi mkubwa Roberto Goizueta akaitangaza pale New York. Ile ya zamani, ambayo ilikuwa sokoni tangu 1886, ikatolewa.

Hapo ndipo kulichafuka.

Kampuni ilikuwa imezoea kupokea simu kama 400 kwa siku. Kufikia Juni zilikuwa 1,500, karibu zote za matusi na vilio. Jamaa mmoja wa San Antonio, Texas, alienda kwa kiwanda akanunua Coke ya zamani ya dola 1,000 aweke kwake. Daktari wa akili aliyeletwa kusikiliza hizo simu alisema wengine waliongea ni kama wamefiwa.

Siku 79 tu, kampuni ikasalimu amri. Tarehe 11 Julai ladha ya zamani ilirudi kwa jina Coca-Cola Classic. Habari ilikuwa kubwa hadi Peter Jennings wa ABC akakatiza kipindi cha mchana kuitangaza. Kwa siku mbili zikaingia simu 31,500, saa hii za kushukuru.

Sasa, watu 200,000 walidanganya? Zii. Shida ilikuwa kwingine.

Kwanza, kuonja si kunywa. Funda moja la kitu tamu linabamba, lakini chupa mzima, kila siku, ni stori tofauti.

Pili, swali lilikuwa fupi sana. Watu waliulizwa gani ni tamu. Hawakuambiwa kwamba wakichagua mpya, ya zamani inazikwa. Kwa vikundi vidogo vya majadiliano kuna wachache walionyesha hasira, lakini mabosi wakawapuuza. Kumbe mtu mmoja mwenye uchungu anaweza kuwasha mtaa mzima.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: kunyang'anywa kunauma kuliko kupewa kunavyofurahisha. Hiyo soda watu walikuwa wameinywa kwa harusi, kwa mechi, na wazazi wao. Wangewekewa zote mbili kando kwa kando, labda hakuna mtu angepiga kelele. Walichokataa ni kuamuliwa.

Kuna wale husema yote ilikuwa mchezo wa kampuni kutafuta kiki. Donald Keough, aliyekuwa rais wa kampuni, alikana. Alisema wao si wajinga kiasi hicho, na pia si wajanja kiasi hicho. Lakini kufikia mwisho wa mwaka, Classic ilikuwa inauza kuliko ladha mpya, na kuliko Pepsi pia.

Wewe unatoka na nini hapa? Hao watu hawakuwa na X wala TikTok. Walipiga simu, wakaandika barua, wakakataa kuzoea. Na walikuwa na silaha moja ya maana: Pepsi ilikuwa pale pale kwa rafu ya pili. Kampuni ilijua wakichoka wanahama.

Kwa hivyo siku app yako, mkate wako ama bando yako itabadilishwa bila kuulizwa, lalamika, tena kwa kampuni yenyewe, si kwa magrupu tu. Halafu jiulize: nikihama leo, naenda wapi? Kama uko na pa kwenda, watakusikiza. Kama hauna, jua hapo ndipo wanakubeba ufala.