Adabu za Zamu Angani

Ndege ya Kenya Airways inayotoka Nairobi kwenda New York, safari iliyoanzishwa tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787, hukaa angani karibu saa 15 na hubeba marubani wanne. Wawili wanatosha kuipaisha na kuishusha. Wengine wawili wamo ndani ili watu wapokezane kulala. Abiria wengi wakiambiwa hivyo huingiwa na wasiwasi: yaani sasa hivi, tukiwa katikati ya Atlantiki, kapteni amejifunika blanketi? Ndiyo, na ni vema iwe hivyo. Kwa marubani wa masafa marefu kulala ni sehemu ya kazi. Usingizi wao una wakati wake, mgawanyo wake, adabu zake na mambo yanayohesabiwa kuwa aibu, kama ilivyo katika jumuiya yoyote yenye mila. Mila hizo ndizo zinazomlinda abiria, kuliko hata kitanda.

Kitanda chenyewe si cha kutamanisha. Katika 787 marubani hupanda ngazi nyembamba nyuma ya chumba chao na kuingia kwenye uwazi ulio chini ya paa la ndege, mahali ambapo mtu mzima hawezi kusimama wima. Kuna vitanda viwili, pazia, taa ndogo ya kusomea, mkanda wa kujifunga, barakoa ya oksijeni na simu ya kuitana. Shati la sare huvuliwa likatundikwa lisikunjamane, masikio huzibwa, macho hufunikwa. Hewa ni kavu, injini hazinyamazi, na ndege ikitikisika mlalaji naye hutikisika. Usingizi wa humo, hata kwa aliyezoea, huwa mfupi na mwepesi kuliko wa nyumbani. Hata hivyo sheria huutambua kwa uzito. Kanuni za Marekani zilizoanza kutumika Januari 2014 hupanga mahali pa kupumzikia katika madaraja matatu: kitanda ndani ya chumba kilichotengwa, kiti kinacholala karibu bapa nyuma ya pazia, na mwisho kiti cha kawaida kinachoegemea nyuma. Kadiri mahali palivyo bora, ndivyo saa za kazi zinavyoruhusiwa kurefuka. Marubani wawili peke yao hawaruhusiwi kuruka zaidi ya saa 8 au 9. Wakiwa wanne wanaweza kufika 17.

Kanuni hizo, hata hivyo, hazisemi kila kitu, na hapo ndipo mila inaposhika. Ndege ikishatulia angani, saa zilizobaki hugawanywa: kwa watatu au kwa wawili, kutegemea idadi ya marubani. Zamu hazina thamani sawa. Ya kwanza mara nyingi haipendwi, kwa sababu mtu ametoka kuondoka uwanjani, mwili bado umechangamka, na usingizi hauji kwa kuamriwa. Kwa hiyo atakayeishusha ndege ndiye hufikiriwa kwanza, na rubani wa ziada huchukua kilichosalia, mara nyingi ile ya mwanzo. Kanuni ya Marekani imeuweka msingi huo kwa maandishi: atakayetua lazima apate nafasi ya kupumzika saa mbili mfululizo katika nusu ya pili ya muda wa kazi. Hapa cheo hakitoshi kumpa mtu zamu nzuri. Kinachotazamwa ni kazi iliyo mbele yake, na kapteni anayejitwalia saa bora ilhali msaidizi wake ndiye atakayetua huonekana amevunja heshima.

Kisha kuna kuamshwa. Mwenye kitanda hasubiri kuitwa dakika ambayo kiti kinamngoja. Hupigiwa simu mapema, ili anawe uso, anywe maji, mawenge ya usingizi yamtoke. Akirudi haketi kimya. Anayeondoka humweleza mafuta yaliyobaki, hali ya hewa mbele, kituo cha uongozaji wanachozungumza nacho, uwanja ulio karibu zaidi iwapo kitu kitaharibika, na lolote lililobadilika alipokuwa amelala. Mabaharia wa majahazi wanaijua adabu hii: usukani hauachiwi mtu ambaye hajaambiwa upepo umegeukia wapi. Kwa mtazamaji ni mazungumzo ya kuchosha, yaleyale kila safari, lakini yakikosekana madhara yake ni makubwa.

Ajali ya Air France 447 hutajwa na wanaopinga marubani kulala. Tarehe 1 Juni 2009 Airbus A330 iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka baharini, watu 228 wakafa, na kapteni alikuwa ametoka kwenda kupumzika. Lakini tuitazame kwa karibu. Alikuwa ameondoka dakika chache tu kabla ya barafu kuziba vipimo vya mwendo, na alirudi kiasi cha dakika moja na nusu baada ya mtambo wa kujiendesha kujizima. Muda huo haukutosha hata kupata lepe la usingizi. Wachunguzi wa Ufaransa hawakulaumu mapumziko. Walichoonyesha ni kwamba aliondoka bila kuacha maelekezo ya wazi ya kazi, na kwamba wasaidizi wawili waliobaki hawakugawana kazi ipasavyo. Kilichopungua ni makabidhiano.

Linganisha na ajali ya Mangalore, India, tarehe 22 Mei 2010. Ndege ya Air India Express ilitoka Dubai, safari ya saa chache yenye marubani wawili tu. Kinasa sauti kilionyesha kwamba kapteni alilala kitini zaidi ya saa moja na nusu, hadi karibu na wakati wa kutua. Ndege ikapitiliza njia ya kutulia, watu 158 wakafa, na uchunguzi ukayataja mawenge ya mtu aliyetoka usingizini kuwa miongoni mwa sababu. Kuna atakayesema: basi tusiruhusu mtu yeyote kufumba macho. Lakini utafiti wa NASA uliochapishwa 1994 ulifanywa kwa usingizi huohuo wa kitini, katika safari ndefu za kuvuka Pasifiki. Marubani walipewa dakika 40 zilizopangwa, mwenzao akiwa macho na akijua saa ya kuwaamsha. Kwa wastani walilala dakika 26, wakawa wepesi zaidi kuliko wenzao walionyimwa nafasi hiyo. Wale walionyimwa ndio walioonyesha zaidi kusinzia kwa sekunde kadhaa bila kujijua, hata katika dakika 90 za mwisho, wakati ndege inajiandaa kutua. Usingizi wa kitini wa aina ileile ulichangia ajali ulipoibwa, na ukasaidia ulipopangiwa wakati.

Hoja ya kwamba ndege za siku hizi hujiendesha zenyewe, kwa hiyo uchovu si kitu, naiona imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Mtu aliyekaa gizani mbele ya mtambo usiomdai chochote, kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, mwili wake unapodai kulala kwa nguvu zote, ndiye aliye hatarini zaidi kusinzia.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Rubani wa tatu na wa nne ni mishahara, hoteli na viti, na watengenezaji wa ndege wamekuwa wakipendekeza kwamba ndege ikiwa imetulia angani abaki rubani mmoja usukanini huku mwenzake amelala. Shirika la usalama wa anga la Ulaya, EASA, lilichunguza pendekezo hilo, na katika matokeo yaliyotolewa 2025 halikuweza kuthibitisha kwamba usalama ungebaki kiwango kilekile kwa vyumba vya marubani vya sasa. Mtu mmoja akisinzia, akiugua ghafla au akihitaji tu kwenda msalani, hakuna wa kushika nafasi yake papo hapo. Kuna pia jambo ambalo mahesabu ya gharama huliruka: anayejua kwamba mwenzake yuko peke yake hawezi kulala sawasawa. Atalala nusu macho, sikio kwenye simu, na akiitwa kwa dharura atafika na mawenge yaleyale ya Mangalore, bila mtu wa pili wa kumweleza kilichotokea. Akiba inayotafutwa kwa kumwondoa rubani mmoja italipwa na usingizi wa yule aliyelala, kisha na abiria.