Valvu za kale zarejea kuukoleza muziki wa tarakilishi

NI saa nne za usiku katika nyumba ya ghorofa jijini Nairobi. Watoto wamelala, jirani wa chini amekwisha kulalamikia kelele mara mbili wiki hii, na mpenzi wa muziki angali na hamu ya kusikia benga ya D.O. Misiani kabla ya usingizi kumchukua.

Zamani angelazimika kuzima redio. Siku hizi aweza kuvaa hedifoni, akabonyeza simu yake, na wimbo ukaanza kutoka kwenye tarakilishi ndogo iliyofichwa kabatini. Kati ya tarakilishi hiyo na masikio yake pana kisanduku chenye vioo viwili vinavyong'aa kama makaa.

Vioo hivyo ni valvu, na wazee waliomiliki redio kubwa za mbao wanazikumbuka vyema. Mwanasayansi Mwingereza, John Ambrose Fleming, alivumbua valvu ya kwanza mwaka wa 1904. Miaka michache baadaye Mmarekani Lee de Forest aliiongezea sehemu ya tatu, gridi, ambayo ndiyo iliyowezesha sauti kukuzwa. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka wa 1947, ilikuja kuzifukuza valvu katika redio kwa kuwa ilikuwa ndogo, nafuu na haikupata moto. Lakini si wote walioziacha.

Ndani ya valvu hamna hewa. Waya mwembamba hupashwa moto hadi sehemu iitwayo kathodi ianze kutoa elektroni, nazo huvutwa hadi upande wa pili na anodi yenye umeme mkali. Gridi hukaa katikati mithili ya bawabu mlangoni: mawimbi hafifu ya sauti yanayofika kwake ndiyo huamua ni elektroni ngapi zitakazopita. Hivyo wimbo mdogo huongoza umeme mwingi.

Wapenzi wa valvu husema sauti yake ni tamu na yenye joto. Ukweli ni kwamba aghalabu valvu huongeza kitu ambacho hakikuwamo katika santuri. Kila noti hufuatwa na noti nyingine hafifu iliyo juu yake kwa oktavu moja, na sikio hulipokea ongezeko hilo kama unene wa sauti, si kama dosari. Mhandisi atasema hilo ni kosa, na kwa vipimo atakuwa amesema kweli. Amplifaya ya transista ya bei ya wastani inaweza kuwa aminifu zaidi. Valvu basi ni kama iliki katika chai. Asiyeipenda hajakosa chai.

Hata hivyo, mnunuzi asianze na valvu. Chai yenyewe ni muziki uliohifadhiwa vizuri, na hapo ndipo wengi hupotea.

Neno seva lisimtishe msomaji. Ni tarakilishi yoyote inayohifadhi nyimbo na kuzipeleka kwenye vyumba vya nyumba kupitia mtandao wa ndani. Kampuni ya Slim Devices ya California ilivipa umaarufu vifaa vya aina hii ilipotoa Squeezebox mwaka wa 2003. Logitech iliinunua kampuni hiyo mwaka wa 2006, na mnamo 2012 ikaacha kuvitengeneza. Lakini programu yake ilikuwa wazi kwa umma, na watu wa kujitolea wameiendeleza hadi leo kwa jina la Lyrion. Tarakilishi ndogo kama Raspberry Pi, isiyozidi kiganja cha mkono na inayotumia wati chache tu za umeme, inatosha kuiendesha.

Waliokuwa na Squeezebox hawakupoteza wimbo hata mmoja, kwa sababu nyimbo zilikuwa zao, katika diski zao. Anayekodi muziki mtandaoni kwa malipo ya kila mwezi hana uhakika huo.

Muundo unaofaa kuhifadhia ni FLAC, uliotolewa mwaka wa 2001, ambao hupunguza ukubwa wa faili bila kutupa hata chembe ya sauti. MP3 hutupa. Muziki wa CD huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika. FLAC huukaribia nusu ya hapo. Diski ya terabaiti moja, kwa hiyo, yaweza kubeba zaidi ya albamu 2,000.

Kazi kubwa iko kwenye kanda na santuri, ambazo hazina njia ya mkato. Mwenye kanda 100 za taarabu za Juma Bhalo na wenzake, kila moja ya saa nzima, atahitaji saa 100 za kuzicheza mwanzo hadi mwisho huku tarakilishi ikinasa. Anayeishi Mombasa asikawie: unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye utepe, na kanda iliyokatika ya mwimbaji wa mtaani pengine haina nakala nyingine popote duniani.

Aidha, diski nayo hufa. Stima ikikatika ghafla wakati inaandika, mafaili yanaweza kuharibika. Nakala ya pili, katika diski nyingine iliyo katika nyumba nyingine, ni muhimu kuliko valvu yoyote.

Baada ya hapo ndipo zamu ya hedifoni inapofika. Valvu haziwezi kusoma namba za tarakilishi, hivyo kwanza panahitajika kifaa cha kuzigeuza namba ziwe mawimbi ya umeme. Kisha hedifoni na amplifaya sharti zipatane. Amplifaya za valvu zisizo na transfoma ya kutolea sauti hupendelea hedifoni zenye ukinzani mkubwa, mathalani Sennheiser HD 600 ya omu 300. Zikiunganishwa na hedifoni ya omu 32, ya aina inayouzwa pamoja na simu, besi hulegea na utamu wote hutoweka.

Sauti isipandishwe kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani hushauri kisizidi kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Valvu huchakaa baada ya maelfu ya saa, na nyingi hung'olewa na kubadilishwa kama balbu. Mpya bado hutengenezwa Slovakia, Urusi na Uchina. Kisanduku chenyewe kisifunguliwe na asiye fundi, kwani ndani mna mamia ya volti ambazo zaweza kubakia hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Kuna pia suala la mahali amplifaya ilikotoka. Iliyotengenezewa soko la Marekani hutarajia volti 120, ilhali stima ya Kenya ni volti 240. Ikichomekwa hivi hivi, bila transfoma ya kupunguza nguvu, itaungua kabla valvu hazijapata moto.