Kusaidia na Kusaidiwa: Habari za Kibaha na Kisarawe

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo litajwalo kila Jumapili wakati wa kukusanya sadaka, walakini ni wachache waulizao jinsi litendekavyo baada ya watu kwenda zao: mwenye shida apate msaada kwa njia gani, mwenye moyo wa kutoa atoe kwa njia gani, na asiye na fedha awatumikieje jirani zake kwa mikono yake. Twawaandikia watu wa nyumbani na walimu pia, maana mara nyingi mwalimu ndiye aijuaye shida ya nyumba kabla wazee wa kanisa hawajaipata habari yake.

Yatupasa kuanza na aibu, kwa kuwa ndiyo mlango wa kwanza, na mlango huo ni mzito. Fikirini mjane wa Msanga au wa Mlandizi ambaye mikorosho yake haikuzaa mwaka huu, naye analea wajukuu watatu. Je, atakwenda kwa mzee wa kanisa siku ile ile chakula kipunguapo? Hata kidogo. Kwanza atakopa dukani. Kisha atauza sufuria, na baada ya sufuria atauza kuku. Kisha mjukuu mkubwa ataacha shule akachome mkaa. Hata siku ile atakapofika mbele ya wazee amekwisha kupoteza vitu ambavyo kanisa haliwezi kumrudishia, na mtoto amekwisha kukaa miezi mingi bila kushika kalamu. Nasi huketi tukasema, "Mbona hukutuambia mapema?" Lakini je, sisi tulimfanyia iwe rahisi kuja? Ikiwa mtu hana budi kusimama mbele ya usharika wote na kutaja njaa yake, basi wengi watachagua njaa.

Nchi yetu hii si ngeni katika mambo ya kusaidiwa. Mmisionari Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, na mwaka 1892 kituo cha misheni kilifunguliwa Kisarawe, vilimani. Miongoni mwa watu wa kwanza waliokaa pamoja na misheni walikuwamo watumwa waliokombolewa, na watoto wasio na ukoo wa kuwarudia. Walipewa mahali pa kulala, na shamba, na masomo. Ilikuwa kazi njema, wala hatuidharau. Walakini tukumbuke jambo moja. Mtu apewaye kila kitu na mkono mmoja, hata mahali pa kuzikwa, ni vigumu kwake kuukatalia mkono huo neno lo lote. Akiamini, nani ajuaye kama ameamini kwa moyo au kwa tumbo? Yeye mwenyewe huenda asijue. Hatari hii haikuisha pamoja na biashara ya watumwa. Ipo hata leo, kila mahali msaada unapotolewa kwa jina la Kristo kwa watu wasio na pa kwenda.

Kibaha nayo ina habari yake. Mwaka 1963 nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilipatana na serikali ya Tanganyika kujenga pale shule ya sekondari, mahali pa kuwafundisha wakulima, na kituo cha afya. Mwaka 1970 kazi yote ilikabidhiwa mikononi mwa Watanzania, nayo ndiyo Shirika la Elimu Kibaha. Jambo la kutazama hapa ni kule kukabidhi. Wafadhili wengi hupenda kuanza. Ni wachache wapendao kuondoka.

Lakini habari ya Kibaha ambayo twataka mwisikilize kwa makini zaidi ni ya juzi juzi tu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao watu wote huuita TASAF, ulitaka kujua kama yafaa kuwapa maskini fedha mkononi badala ya kuwapa vitu. Vijiji 80 vilichaguliwa katika wilaya tatu, yaani Kibaha, Bagamoyo na Chamwino. Kwa kura, vijiji 40 vilipangiwa kupata kwanza, na 40 vikangoja. Malipo yakaanza mwaka 2010, kila miezi miwili. Kwa kila mwezi, mtoto aliye katika shida alihesabiwa kiasi cha dola tatu za Marekani, na mzee aliyetimiza miaka 60 dola sita. Fedha hizo zilikuwa na masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, mzee aende angalau mara moja kwa mwaka, na mtoto wa shule ahudhurie siku 80 katika kila siku 100 za masomo.

Watu wengi walinung'unika wakisema, "Mpe maskini fedha, atainywa." Basi wachunguzi waliporudi na kuuliza nyumba kwa nyumba, waliona nini? Waliona kwamba nyumba zilizopokea zilijiunga na mfuko wa bima ya afya kuliko zile zilizokuwa zikingoja. Waliona watoto wamenunuliwa viatu. Waliona kuku na mbuzi wameongezeka uani. Mwandishi hujiuliza mara kwa mara kwa nini sisi tulioshiba tunamdhania mwenye njaa kuwa mpumbavu. Mjane aliyelea watoto sita kwa mihogo na dagaa ajua hesabu ya shilingi kuliko mweka hazina wetu.

Tena liko neno la pili, nalo kwetu ni kubwa kuliko la kwanza. Waliochagua nyumba za kusaidiwa hawakuwa wageni peke yao. Kila kijiji kilichagua kamati yake, kamati ikaandika habari za nyumba zilizo maskini, na majina yakaletwa mbele ya mkutano wa kijiji. Baadaye, katika maandiko yaliyotolewa mwaka 2019, wachunguzi walieleza kwamba fedha hizo ziliwaongezea watu imani juu ya viongozi wao, na imani hiyo ilizidi sana katika vijiji vyenye mikutano ya mara kwa mara. Twaweza kufahamu sababu yake. Mahali watu wakutanapo na kusikia hesabu, asiyepata hujua kwa nini hakupata. Mahali pasipo mkutano, asiyepata husema, "Wamepeana wenyewe kwa wenyewe," na huenda akawa amesema kweli.

Msomaji wa Maandiko atakumbuka kwamba mambo haya si mapya. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo alitaja orodha ya wajane, na umri alioutaja ni miaka 60, sawasawa na umri wa wazee wa TASAF na wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Aliagiza pia kwamba watoto na wajukuu wa mjane watangulie kumtunza, kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia wale wasio na mtu kabisa. Na mchango wa Yerusalemu ulipokusanywa hakuubeba peke yake. Alitaka waende pamoja naye ndugu waliochaguliwa na makanisa, asipate mtu neno la kumlaumu. Ikiwa Paulo alijiwekea mashahidi, kwa nini mweka hazina wa mtaa akasirike aombwapo kitabu?

Sasa twafika mahali pagumu. Kisarawe na Kibaha jirani zetu walio wengi ni Waislamu. Je, orodha ya maskini iwe ya Wakristo tu? Wako ndugu wasemao ndiyo: fedha imetoka katika sanduku la kanisa, basi na irudi kwa watu wa kanisa, hasa kwa kuwa haitoshi hata kwao. Sababu hiyo si ya kuchekwa. Mzee wa kanisa mwenye shilingi elfu thelathini na wajane kumi hawezi kulisha kijiji. Wako wengine wasemao tuwape wote, kisha tuwaalike ibadani. Hao twawapinga waziwazi, kwa ajili ya yale tuliyoyanena juu ya Kisarawe ya zamani. Mwaliko uletwao pamoja na unga si mwaliko tena, ni bei. Sisi twaona yafaa hivi: mafungu yawe mawili, yajulikane kwa wote. La kwanza ni la kuwatunza wajane na yatima wa usharika. La pili, hata likiwa dogo, ni la jirani ye yote mwenye msiba wa ghafula, kama nyumba kuungua, au mgonjwa kukosa nauli ya kwenda Tumbi. Na apewapo jirani huyo pasitajwe habari ya dini hata kidogo. Akiuliza mwenyewe kwa nini tumemsaidia, hapo ajibiwe. Asipouliza, aende zake kwa amani.

Basi mwenye shida na aende wapi? Katika usharika, na aende kwa mzee mmoja amwaminiye, au kwa mke wa mwalimu, wala si mbele ya baraza lote. Huyo mmoja ndiye atakayelichukua neno lake bila kulitangaza. Katika serikali, mwanzo ni mwenyekiti na mtendaji wa kijiji au wa mtaa, na baada yao afisa ustawi wa jamii katika halmashauri. Hapa wengi hupotea njia, maana Kibaha zipo halmashauri mbili, moja ya mjini na moja ya wilaya, na mtu wa Mlandizi aendaye kuuliza Mjini hurudi na nauli imekwisha. Kisarawe ina yake. Mzee aliyetimiza miaka 60 naye asisahau kuulizia haki ya matibabu bila malipo iliyotajwa katika sera; achukue kitambulisho chake, na kama hana, apate barua ya mtendaji.

Mwalimu, twakuomba jambo moja. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2001, na ya sekondari hata kidato cha nne tangu Januari 2016, kwa hiyo watu hudhani kwamba mtoto asiyekuja shule ni mvivu. Tazama sare yake. Tazama kama ana daftari, na kama saa sita huondoka na wenzake au hubaki chini ya mwembe akijifanya anasoma. Andika jina lake, ulipeleke kwa wazee kwa siri.

Na atakaye kutoa? Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Twaongeza kwamba ni akili pia. Nguo zilizochakaa usizilete. Mtu maskini si jalala. Fedha ni bora kuliko vitu, kwa kuwa mwenye shida ajua kinachopungua nyumbani mwake. Lakini unga, sabuni na madaftari vyafaa mahali ambapo duka li mbali. Fedha ihesabiwe na watu wawili, iandikwe mbele yao, na sanduku liwe na funguo mbili mikononi mwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Kila miezi mitatu jumla isomwe kanisani: zimeingia kiasi gani, zimetoka kiasi gani, zimesaidia nyumba ngapi. Majina ya waliosaidiwa yasisomwe kamwe.

Akija mtu asiyejulikana akichangisha kwa ajili ya yatima, mwulize cheti. Makao ya watoto hayana budi kuwa na leseni kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na chama kisicho cha serikali kina sheria yake ya mwaka 2002. Mtu mwema hatachukizwa na swali hilo. Nanyi mwendapo kuwazuru watoto katika makao, msiwapige picha mkiwapa peremende ili kuwaonyesha rafiki zenu. Mtoto yule atakua, naye atakuwa na haya kama ninyi.

Wako pia wasio na fedha wala unga, nao husema hawana la kutoa. Wanayo mikono. Kumtekea maji bibi kizee, kumsomea barua asiyeona, kulala hospitalini na mgonjwa asiye na ndugu, kuezeka nyumba ya mjane kabla ya masika: kazi hizi hazihitaji sanduku lo lote. Lakini aahidiye kuja Jumamosi na aje Jumamosi. Msaidizi ajaye siku apendayo humchosha mgonjwa kuliko asiyekuja, maana mgonjwa hukaa akimngoja mlangoni.

Iko pia zawadi moja ambayo tajiri na maskini huitoa kwa kipimo kimoja, nayo ni damu. Barabara ya Morogoro yapita Kibaha, na watu waumiao katika magari hupelekwa hospitali ya Tumbi. Wapo pia akina mama wanaopungukiwa damu wakati wa kujifungua. Anayetoa awe na afya njema, umri wa miaka 18 hata 65, na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume aweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Damu hupimwa kwanza, wala haiuzwi. Na mtu akidaiwa fedha kwa ajili ya damu, akatoe habari kwa mganga mkuu wa hospitali. Vijana wa kwaya wanaotaka kwenda pamoja na wamwambie mwalimu wao mapema, apate kuwauliza watu wa hospitali siku ifaayo. Siku hiyo wale vizuri asubuhi na kunywa maji mengi, na baada ya kutoa wapumzike kidogo kabla ya kupanda gari la kurudi.