Homuweki ya osmosisi: nilipata 10 kati ya 10 na sikuelewa kitu

Leo naomba tuache siasa kidogo tuongelee viazi.

Mdogo wangu yuko Kidato cha Tatu. Juzi kaja na homuweki ya Biolojia, maswali matano. La kwanza linataka maana ya osmosisi, la pili tofauti ya osmosisi na difyusheni, na mengine ya staili hiyo hiyo. Dakika kumi na tano kashamaliza! Nikamuuliza, "Mbona haraka hivyo?" Akanionyesha daftari la rafiki yake. Nikacheka tu, maana na mimi enzi zangu nilidesa homuweki hiyo hiyo, nikapewa 10 kati ya 10 na tiki kubwa nyekundu.

Kilichonikuta baadaye ndicho kinanifanya niandike. Kwenye mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne nikakuta mezani kiazi, wembe, rula na vyombo viwili vya majimaji, A na B. Kata vipande, pima, loweka, pima tena, kisha eleza. Kupima nilipima vizuri. Kipande cha A kilikakamaa na kurefuka kidogo, cha B kikanywea, ukikishika kinapinda kama raba. Sasa "eleza kwa nini" ndiyo ikaniua. Nikamwaga ile maana ya kukariri, neno kwa neno, halafu nikaandika kwamba B kimelainika kwa sababu chumvi imeingia ndani ya kiazi. Biolojia nilipata F na mipango ya kusomea uuguzi ikaishia hapo. Sisemi ni kiazi kimoja tu kilichonifelisha, lakini yote niliyafanya kwa mtindo huo.

Basi safari hii nikamwambia dogo hatudesi, twende jikoni.

Tulimenya kiazi mviringo, tukakata vipande viwili vya sentimita 5 kila kimoja, vyembamba kama chipsi, vilingane unene. Kimoja tukakitia kwenye glasi ya maji matupu, kingine kwenye glasi ya maji yenye vijiko vitatu vya chumvi. Unaweza kuangalia baada ya saa moja, ila sisi tuliacha mpaka asubuhi (mama akauliza nani anamwagia viazi vyake maji, hiyo kesi nyingine). Majibu yakawa yale yale ya mezani kwangu siku ile.

Sasa maelezo. Kiazi kimejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba sana unaoruhusu maji kupita kirahisi lakini unaizuia chumvi au sukari isipite hovyo. Maji hupita pande zote mbili, ila mengi zaidi huelekea kule ambako yamechanganyika na vitu vingi. Ndani ya seli kuna sukari, chumvi na mengineyo. Ukiiweka kwenye maji matupu, maji yanaingia, seli inajaa, kipande kinakakamaa. Kwenye maji ya chumvi kali mambo yanageuka, nje ndiko kuliko na chumvi nyingi zaidi, kwa hiyo maji yanatoka kwenye seli na kipande kinanywea. Kwa maneno mengine kiazi changu kililainika kwa sababu kilipoteza maji. Mimi niliandika kinyume kabisa.

Jamani hii tunaifanya kila siku! Ukinyunyizia vitunguu chumvi kabla ya kachumbari, baada ya muda bakuli lina maji. Nani kayamwaga? Yametoka kwenye seli za kitunguu. Na samaki wa chumvi haozi haraka kwa sababu bakteria nao wanakamuliwa maji. Hata dripu ya hospitali ni somo hili hili. Ile ya chumvi ina gramu 9 za chumvi kwa kila lita, ambayo ni asilimia 0.9, ili chembe nyekundu za damu zisivimbe wala kunywea. Ukitumbukiza chembe hizo kwenye maji matupu zinapasuka. Za kiazi hazipasuki kwa sababu nje ya utando kuna ukuta mgumu unaozishikilia.

Kuna jaribio moja zaidi ambalo naona ndilo linalomfungua mtu kichwa. Chukua viazi viwili, kimoja kibichi, kingine kilichochemshwa. Menya upande wa chini, chimba shimo juu, tia kijiko cha sukari kwenye kila shimo, visimamishe kwenye sahani yenye maji kidogo. Baada ya saa kadhaa shimo la kiazi kibichi lina maji yanayopanda. Kwenye cha kuchemsha hayapandi. Nikamuuliza dogo kwa nini, akafikiri weee, kisha akasema, "Hicho si kimeshakufa?" Ndiyo! Moto umeharibu utando wa seli, na bila utando huo hakuna osmosisi.

Akaandika homuweki yake upya, kwa maneno yake, kwa Kiingereza cha kubabaisha, na vipimo vyote vya kiazi. Daftari limerudi: 6 kati ya 10. Yule rafiki yake mwenye desa kapata 10.

Ticha simlaumu sana. Anasahihisha madaftari ya mikondo minne, na maana iliyonyooka kama ya kitabuni inasahihishwa kwa sekunde tano. Halafu sisi tumesoma msingi kwa Kiswahili, ukifika sekondari unatakiwa ueleze kwa Kiingereza kitu ambacho hata kwa Kiswahili hujawahi kukieleza, lazima ukimbilie kunakili. Ila dogo kaniuliza swali na sijampa jibu mpaka leo: homuweki ijayo aandike alichokiona au kilichoko kwenye daftari la mwenzake?

Nimemwambia kwa sasa aandike vyote viwili, maana ya kitabuni juu, kiazi chini. Walimu mliomo humu, daftari kama hilo likifika mezani kwako utalipa ngapi?