Popo analala Kidike, anakula shambani kwako

Popo wa Pemba halali na kula mahali pamoja. Mchana utawakuta Kidike, karibu na Ole, au msitu wa Ngezi, wananing'inia juu ya miti mirefu kama nguo zilizoanikwa. Magharibi ikiingia huruka kwenda mashambani kutafuta embe, shelisheli na matunda ya porini. Yaani anakula kwako, ndugu yangu uliyeko Maskati, Dubai au London, kwenye lile shamba la babu ambalo kila mwaka mnaulizana kwa simu lifanywe nini.

Siku hizi jibu limekuwa jepesi: miembe mikongwe ipasuliwe mbao, pafyekwe, kila mtu apate chake. Subirini kwanza.

Popo huyu hapatikani popote duniani ila Pemba, na mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita moja na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa kuwa atatoweka, maana aliwindwa kwa nyama na miti yake ikikatwa. Wanavijiji wakashirikishwa kumlinda, na kufikia 2007 walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Pale Kidike mgeni hulipa kiingilio kidogo kuwatazama. Vizuri sana. Lakini ukilinda chumba cha kulala huku unabomoa jiko, umemsaidia nini?

Huko Ulaya, tangu miaka ya 1990, wataalamu wamekuwa wakiyatafuta mashamba yenye viumbe wengi na kuyachora kwenye ramani, kwani waliona hifadhi peke yake haitoshi. Huangalia kama pamebaki uoto wa asili, kama mazao yamechanganyika na miti, vichaka na vijito, au kama yupo kiumbe adimu anayepategemea. Mie nikisoma hayo naiona Pemba. Waarabu waliita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani, lakini ukitoa Ngezi na misitu midogo, kijani chenyewe kwa sehemu kubwa ni mashamba: mikarafuu, minazi, miembe na mishelisheli vilimani, mpunga mabondeni. Humo wamo ndege wa Pemba tu. Yumo ninga wake, chozi wake ambaye huja mpaka uani, yule mdogo mwenye duara jeupe machoni, na bundi mdogo ambaye hukaa msituni na pia kwenye mikarafuu iliyofungamana.

Sasa shamba lako lina nini? Padri aliyenisomesha sayansi kwenye sekondari ya misheni alikuwa akitutoa darasani na daftari, anasema hesabu kwanza, maoni baadaye. Fanyeni hivyo hivyo. Kijana aliyeko Pemba ana simu. Apige picha kila mti mkubwa, hasa wenye pango, aonyeshe kijito kilipo na makaburi ya zamani ambayo miti yake haijaguswa. Aende alfajiri, arudi magharibi, aandike anachokiona na kukisikia, na awaulize wazee wa hapo. Arudie msimu wa embe, maana shamba la Julai si la Disemba. Mkishajua, wekeni alama miti isiyoguswa, ndipo mzungumze habari ya kupanda. Na mche wa mkarafuu wenyewe hutaka kivuli ukiwa mchanga, kwa hiyo anayefyeka kila kitu ili apande karafuu anajitafutia hasara.

Kuna jambo linalonikera, nalo ni sisi wa ughaibuni kutoa amri. Anayeishi pale ndiye analima, ndiye ana watoto wa kulipia, na mteja wa mbao huja na pesa mkononi. Mkarafuu una soko, hivyo una watetezi. Mwembe mkongwe unazaa embe ndogo za nyuzi ambazo hazifiki hata sokoni Chake. Kumwambia mtu aulinde bure kwa ajili ya popo si haki.

Kwetu, miembe mitatu ilikuwa imeshapatiwa mteja. Tumechanga bei ya miwili, tukampelekea binamu yetu anayekaa shambani, na karatasi imeandikwa mbele ya sheha. Wa tatu umeinamia paa la nyumba yake. Yeye anataka ukatwe wote, dada yangu wa Dubai anataka yapunguzwe matawi tu, na mpaka leo bado tunabishana.