PIN yako ikiwa hewani: nini kinaifunga kati ya simu na mnara?

Wateja wetu wa Kibera na Kawangware hutuuliza hili mara nyingi, na ni swali zuri: nikibonyeza PIN hapa Toi Market, ujumbe si unapita hewani? Mtu mwenye mashine si anaweza kuudaka? Kuudaka, anaweza. Mawimbi ya redio hayana mlango. Kinachomzuia ni kwamba alichodaka hakisomeki, na kwenye simu kazi hiyo hufanywa zaidi na kitu kinachoitwa usimbaji wa mkondo.

Hebu tuufanye kwa mkono, kwa namba za kubuni. (PIN yako halisi usiiandike popote, hata kwa mazoezi.) Tuseme PIN ni 4715, na simu yako na mtandao zina namba za siri 8269. Jumlisha tarakimu kwa tarakimu, na jibu likizidi 9 andika tarakimu ya mwisho tu. 4 na 8 ni 12, andika 2. 7 na 2 ni 9. 1 na 6 ni 7. 5 na 9 ni 14, andika 4. Kinachoruka hewani ni 2974. Upande wa pili wanatoa 8269 kwa mtindo huo huo na PIN inarudi. Aliyedaka 2974 hana pa kuanzia, kwa sababu PIN yoyote ile ina namba za siri zinazoweza kuleta 2974. Simu hufanya hivi hivi kwa 0 na 1, haraka sana.

Sasa hizo namba za siri zitoke wapi, na maongezi ya dakika kumi yanahitaji mamilioni yake? Hapo ndipo neno mkondo linaingia. Unaanza na ufunguo mfupi, na mashine ya hesabu inaunyoosha kuwa mkondo mrefu unaoonekana kama bahati nasibu. Laini yako imebeba siri ndani yake na mtandao una nakala. Mtandao hutuma namba ya nasibu, kila upande unakokotoa ufunguo wake kivyake, na ufunguo wenyewe haupiti hewani kamwe. Kwenye 2G, mashine inayoitwa A5/1 huchukua ufunguo wa biti 64 na kuujaza kwenye rejista tatu za biti 19, 22 na 23, ambazo husogea kwa hatua zisizo sawa. Namba ya kila fremu ya mawasiliano huchanganywa humo pia, ili mkondo usijirudie.

Kujirudia ndiyo hatari yenyewe. Mama anatuma 0500 kwa mkondo 8269, hewani ni 8769. Baadaye anatuma 1200 kwa mkondo ule ule, hewani ni 9469. Sasa jirani aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni pale Kawangware 46 alimsikia akisema "natuma soo tano". Anatoa 0500 kwenye 8769, anapata 8269. Mkondo wote anao! Ya pili anaifungua bila jasho, na yoyote itakayofuata kwa mkondo huo. Hajavunja hesabu yoyote. Amesubiri tu mtu arudie.

Hili lilitokea kweli, na sehemu ya kazi ilifanyika hapa kwetu. Mwaka 1942 Waingereza walihamisha kituo chao cha kuvunja siri za Wajapani kutoka Colombo hadi Kilindini, Mombasa, wakakaa kwenye shule ya Allidina Visram. Msimbo mkuu wa jeshi la majini la Japani, JN-25, ulikuwa namba za tarakimu tano zilizojumlishwa na namba za kitabu cha siri, kwa hesabu ile ile tuliyofanya juu. Kurasa za kitabu zilitumika zaidi ya mara moja, na wavunjaji wakapata pa kupenyea.

A5/1 nayo imezeeka. Ilibuniwa mwaka 1987, na Desemba 2009 Mjerumani Karsten Nohl alionyesha huko Berlin majedwali ya kompyuta ya kutafuta ufunguo wake. Biti 64 hazitoshi tena. 3G na 4G hutumia ufunguo wa biti 128 na mashine nyingine, kama SNOW 3G. Programu nyingi za simu hutumia ChaCha20 ya Daniel Bernstein, ambayo ni nyepesi hata kwa simu ya bei ya chini.

Kuna udhaifu mmoja watu huusahau. Mkondo huficha, lakini hauzuii kuchezewa. Mtu asiyejua lolote akibadilisha 8769 iwe 7769, upande wa pili watasoma 9500 badala ya 0500. Ndiyo maana mifumo ya pesa huongeza muhuri wa hesabu juu ya ujumbe, na tarakimu moja ikiguswa, muhuri haukubali.

Pia tofautisha njia. Ukipiga namba zenye nyota na reli, ujumbe wenyewe hauna kufuli lake. Unategemea kufuli la mtandao hadi mnara. Menyu iliyo ndani ya laini inaweza kuufunga ujumbe kabla haujatoka kwenye simu, na programu huufunga hadi kwenye seva. Na hakuna hata moja inayosaidia ukimtajia PIN anayekupigia akijifanya wa huduma kwa wateja. Simu hiyo nayo imesimbwa vizuri tu, na PIN inamfikia yeye peke yake.

Kabambe ya 2G haina la kuchagua hapa. Kama una simu janja, baadhi ya Android kuanzia toleo la 12 zina kitufe cha kuzima 2G: fungua mipangilio, nenda kwenye laini yako, utakiona hapo. Simu za dharura bado zitapita.